Kadi ikivuka Namanga, makato hayana mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wenye mabenki swali moja: kwa nini mteja anayetoa pesa nje ya nchi ajue bei ya huduma baada ya kuilipia?

Mimi nauza vitambaa hapa Arusha; mzigo nauchukua Eastleigh, Nairobi. Maduka mengi ya kubadilishia fedha yalipofungwa mjini kwetu mwishoni mwa 2018, wengi wetu tulihamia kwenye kadi. Tuliambiwa ni salama kuliko kutembea na bunda la noti kibindoni, na kwa hilo sina ubishi.

Ubishi wangu ni makato. Ukitoa shilingi za Kenya kwa kadi ya akaunti ya shilingi ya Tanzania, wanaokula ni zaidi ya mmoja. Mwenye mashine ana chake. Benki yako ina ada ya kutoa pesa nje. Halafu kuna kiwango cha kubadilishia fedha, ambacho benki inaweza kukiongezea asilimia yake, na hapo ndipo penye kiza, maana nyongeza hiyo haiandikwi kama makato. Inakuja imeyeyuka ndani ya jumla. Ada nayo mara nyingi haijali umetoa kiasi gani, kwa hiyo anayetoa kidogo kidogo kwa kuogopa vibaka ndiye anayenyolewa zaidi.

Kuna mashine nyingine zina mtego wa ziada. Kabla ya kutema noti zinakuuliza kama unataka ukatwe kwa hela ya kwenu. Unaona tarakimu ulizozizoea, unatulia, unabonyeza kukubali. Kumbe hapo kiwango kimepangwa upande wa mwenye mashine, si na benki yako, na faida imeshawekwa humo humo. Kataeni, ndugu zangu. Pesa zitatoka vilevile, na kadi haimezwi.

Nilipeleka taarifa ya akaunti yangu kaunta. Dada aliyenihudumia, mstaarabu kabisa, aliniambia kiwango kinapangwa na mtandao wa kadi, benki haihusiki. Sasa Visa na Mastercard wote wanaweka viwango vyao vya kila siku kwenye tovuti zao, yeyote anaona. Nikapiga hesabu kwa kiwango cha siku niliyotoa pesa, nikajumlisha na ada zote zilizoandikwa, na bado nilikuwa nimekatwa zaidi. Hiyo tofauti imekwenda kwa nani? Nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Sijajibiwa, ndiyo maana nimekuja kwako.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walipitisha sheria mwaka 2001, na kuanzia Julai 2002 kutoa euro katika nchi nyingine mwanachama hakutakiwi kugharimu zaidi ya kutoa nyumbani. Tangu Aprili 2020, anayekupa chaguo la kukatwa kwa hela ya kwenu analazimika kukuonyesha, kwa asilimia, amezidisha kiasi gani juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Sisi Afrika Mashariki viongozi walisaini itifaki ya umoja wa fedha Kampala, Novemba 2013. Sarafu moja ikaahidiwa 2024, sasa tunaambiwa 2031. Siidai kesho. Lakini kumwonyesha mteja asilimia hakusubiri sarafu moja.

Naiomba Benki Kuu ya Tanzania iyaagize mabenki kwamba ule ujumbe unaoingia kwenye simu noti zikiwa bado mkononi uoneshe kila kitu mbali mbali: kiwango kilichotumika, nyongeza ya benki, ada ya kutoa, na cha mwenye mashine. Ya Kenya nayo iwabane wenye mashine za kule. Na ile programu ya benki yangu, isiyochoka kunitangazia mikopo, iwekewe mahali pa kuandika kiasi ninachotaka kutoa Nairobi, nione nitakatwa ngapi kabla sijapanda basi.

Muuza vitambaa,
Arusha