Kalamu Itangulie Kamera

Siku hizi mwanafunzi anayekwenda ziwani pamoja na wenzake wa klabu ya mazingira aghalabu huwa na simu yenye kamera. Aonapo kundi la mabata majini, hupiga picha kumi au ishirini, kisha huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Jina la ndege litatafutwa baadaye, ama kitabuni, ama kwa programu ya simu. Picha zenyewe hazina ubaya. Lakini yafaa sisi tunaofundisha sayansi tujiulize: je, huko ni kuchunguza, au ni kukusanya picha tu? Maoni yangu ni kwamba kamera ina nafasi kubwa katika elimu ya ndege, ila nafasi hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni ya jicho na kalamu.

Tuanze na jina. Kiswahili kimewakusanya ndege wengi mno chini ya neno moja, bata. Tuna bata bukini, tuna bata maji, tuna hata bata mzinga, ambaye si bata hata kidogo, bali ni ndugu wa kuku na kwale. Yule mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeusi-jeusi kuzunguka jicho, ambaye wataalamu humwita Alopochen aegyptiaca, wageni walimpa jina la bukini wa Misri. Lakini naye si bukini halisi. Katika maji ya Afrika Mashariki huonekana zaidi ya spishi 15 za jamii hii, baadhi wakiwa wenyeji wa mwaka mzima na wengine wakiwa wageni. Bata maji wa kamusi, yule mkubwa mwenye shingo ndefu, hayumo miongoni mwao, maana hana makao ya asili katika nchi zetu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "bata" katika daftari lake la uchunguzi ni sawa na yule anayeandika "mti" katika somo la mimea. Hakukosea, lakini hakutuambia kitu.

Tena jambo hili si la darasani tu. Mkataba wa kulinda ardhi oevu ulitiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran. Uganda ilijiunga nao mwaka 1988, Kenya mwaka 1990, na Tanzania mwaka 2000. Mojawapo ya vipimo vya mkataba huo husema kwamba ardhi oevu ina umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida inatunza asilimia 1 ya ndege wote wa jamii moja ya spishi fulani. Kipimo hicho hutaka jina la spishi. Mtu aletaye habari ya "mabata 300" hawezi kukitimiza, hata kama amehesabu kwa uangalifu mkubwa. Mia tatu wa spishi iliyo tele si habari ya kushangaza. Lakini mia tatu wa Oxyura maccoa, bata mfupi mwenye mkia mgumu, ambaye yumo katika orodha ya ndege wanaotishiwa kutoweka duniani, ni habari inayoweza kuokoa ziwa zima.

Je, picha haiwezi kutupa jina hilo? Mara nyingi inaweza. Mara nyingine hudanganya. Hebu tuwatazame mabata wadogo wawili, Anas erythrorhyncha na Spatula hottentota. Wote wawili wana utosi mweusi-mweusi na mashavu meupe-meupe. Wa kwanza ana mdomo mwekundu, wa pili ana mdomo wa buluu. Tofauti hiyo ni rahisi kukariri, lakini jua likiwa nyuma ya ndege, midomo yote miwili hutoka myeusi katika picha. Tofauti nyingine ni ukubwa, kwani huyu wa pili ni mdogo sana kuliko mwenzake. Hata hivyo, bata aliyepigwa picha peke yake katikati ya maji hana cha kulinganishwa nacho, na ukubwa wake hupotea. Inabaki alama ya bawa. Wa kwanza, arukapo, huonyesha rangi ya maziwa sehemu ya nyuma ya bawa. Wa pili huonyesha kijani chenye ukingo mweupe. Alama hiyo hufichika mara nyingi ndege anapoelea ametulia, na wanafunzi wengi hupenda kupiga picha wakati huo huo, kwa sababu ndipo picha inapotoka nzuri.

Mfano wa pili unawahusu wageni wetu. Kila mwaka, kiasi cha mwezi wa Septemba na Oktoba, huanza kuwasili mabata kutoka Ulaya na Asia, wakikimbia baridi. Miongoni mwao ni Spatula querquedula, ambaye dume lake lina mstari mweupe mpana juu ya jicho, kama mwezi mwandamo. Vitabu vingi humwonyesha katika vazi hilo la fahari. Lakini madume ya mabata wa kaskazini, baada ya kuzaliana, huvua fahari yao na kuvaa manyoya hafifu yanayofanana na ya majike. Dume la spishi hii hukaa na vazi hafifu kwa miezi mingi, hata baada ya kufika kwetu. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu anayelinganisha picha yake ya Novemba na mchoro wa kitabu atasema kwamba ndege huyo hayumo kitabuni. Asiyejua kwamba ndege hubadili vazi hawezi kuokolewa na kamera, hata iwe ya bei gani.

Wapo watakaosema kwamba jicho nalo hudanganya, na kwamba kumbukumbu ya mtu haichunguziki na mwingine. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sifa kuu ya picha. Zamani shahidi wa ndege adimu alikuwa ni ndege mwenyewe, aliyepigwa risasi na kuhifadhiwa ngozi. Leo picha huwapa wataalamu nafasi ya kuhukumu bila damu kumwagika. Nami sidai kwamba kamera iachwe nyumbani. Nadai ifuate mpangilio.

Historia inatupa mfano mwema. Huko Slimbridge, Uingereza, Peter Scott alianzisha mwaka 1946 shirika la kuchunguza na kulinda ndege wa maji. Mwaka 1964 alianza kuwachunguza bata maji wanaotoka Aktiki ya Urusi kukaa huko majira ya baridi. Aligundua kwamba rangi ya njano na nyeusi katika midomo yao haifanani kwa ndege wawili. Akachora uso wa kila mmoja, akampa kila mmoja jina, hata akaweza kujua nani amerudi mwaka uliofuata na nani hakurudi. Kazi hiyo ilianza kwa penseli, na penseli humlazimisha mtu kutazama. Huwezi kuchora mpaka wa rangi mdomoni ambao hukuuona, ilhali kamera hupiga hata kile ambacho mpigaji hakukitambua.

Basi napendekeza utaratibu mwepesi kwa shule zetu. Mwanafunzi atazame kwanza kwa dakika tano, kwa darubini ikiwepo, kwa macho ikiwa haipo. Aandike tarehe, saa, mahali na hali ya mwanga. Achore umbo la ndege, hata kama mchoro wenyewe ni mbaya, na aonyeshe rangi ya mdomo, kichwa na miguu. Aandike kama ndege anazama mzima kutafuta chakula au anainamisha kichwa tu, na kama maji ni baridi au ya magadi, kwa kuwa wako mabata, kama Anas capensis, wanaopenda zaidi maji ya magadi. Hapo ndipo apige picha, jua likiwa mgongoni mwake, na asubiri ndege aruke kwa hiari yake ili apate bawa lililokunjuliwa.

Nasisitiza, kwa hiari yake. Mabata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa majuma kadhaa hawawezi kuruka. Anayewafukuza majini ili apate picha ya mabawa huenda anawafukuza ndege wasio na mabawa ya kuwaokoa, au anamtenga mama na vifaranga vyake. Elimu ipatikanayo kwa njia hiyo haina faida kwa ndege wala kwa mwanafunzi.

Programu za simu zitaendelea kuwa bora, nazo zitatusaidia. Lakini programu hutoa jina tu, na mwalimu hana budi kudai sababu. Mwanafunzi akileta picha na kusema, "Huyu ni Anas erythrorhyncha," swali la kwanza na liwe hili: umejuaje? Akiweza kujibu kutoka katika daftari lake, amekwisha anza kuwa mwanasayansi. Akiweza kujibu kutoka katika simu yake tu, arudishwe ziwani na penseli.