Kaka Anayepinga Posa Aseme Anacholinda

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa si ajabu, fedha za korosho zinapoanza kulipwa mwishoni mwa mwaka, kusikia kwamba binti ameposwa wiki hii na kwamba arusi itafanyika kabla ya palizi. Wengi hushangilia. Lakini hakosi mmoja, aghalabu kaka wa binti, anayesema kuwa jambo hilo lina haraka mno. Makala haya yanamhusu yeye.

Tumfikirie ndugu mmoja wa Naipingo, ambaye ni wa kubuni lakini si mgeni kwetu. Ni mwalimu, na kituo chake cha kazi kiko Lindi mjini. Dada yake, mwenye umri wa miaka 26, anakaa kijijini pamoja na mama yao. Posa imeletwa na kijana aliye karani wa chama cha msingi, ambaye wamefahamiana naye kwa miezi miwili tu. Kaka anapanda basi, anafika nyumbani na kutoa hoja tatu mbele ya wazee: kwamba ukoo wa kijana haujulikani vizuri, kwamba mapenzi ya msimu huisha pamoja na msimu, na kwamba dada hajafikiri vya kutosha. Wazee wanamuunga mkono.

Hapana shaka hoja hizo zina uzito. Wananchi wa Nachingwea wanaijua hasara ya haraka. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, ikafyeka mapori na kujenga reli kutoka Mtwara kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua za nchi. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha vunjika, na baadaye hata reli ikang'olewa. Anayetaka watu wachunguze kwanza kabla ya kufunga mkataba wa maisha hastahili kulaumiwa.

Lakini inafaa tumwulize ndugu yetu swali moja. Kama posa hiyo ingeletwa baada ya uchunguzi wa mwaka mzima, angeikubali? Akilijibu kwa unyofu, pengine atagundua kwamba haraka siyo inayomsumbua.

Ni nani anayepalilia mikorosho ya kaka, akasimamia upulizaji wa salfa na kuokota korosho zinapodondoka? Ni dada. Ni nani anayempeleka mama zahanati, na kumlea mtoto ambaye kaka alimwacha kijijini? Ni dada. Lakini malipo ya korosho hutoka kwa jina la kaka, na dada hupewa kile ambacho kaka ataona kinatosha. Dada akiolewa, mpango huo wote unavunjika.

Kuna na sababu ya ndani zaidi. Wamwera, ambao ni wenyeji wa sehemu hizi, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mume atakayemchukua dada na kumpeleka mbali anapunguza sauti hiyo. Kuogopa kupungukiwa hivyo si dhambi. Kosa ni kuificha hofu hiyo na kuivika vazi la huruma.

Madhara ya kuificha ni makubwa. Kwanza, dada hawezi kujibu jambo ambalo halikusemwa. Kama kaka angesema waziwazi, "Ukiondoka, shamba na mama vitanielemea," ukoo ungeweza kukaa na kutafuta njia: kuajiri vibarua wa palizi, kugawana mapato kwa haki, au mama kwenda kukaa Lindi. Pili, kwa kuwa sababu ya kweli haitajwi, ni lazima itafutwe nyingine, na aghalabu hutafutwa katika sifa za mchumba, naye hupakwa matope bure. Tatu, dada si mjinga. Anapotambua kuwa anazuiwa kwa ajili ya jembe lake, huharakisha zaidi. Huenda hata haraka yenyewe imezaliwa na miaka mingi ya kusubiri.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatufundisha jambo hapa. Inataka ndoa iwe ya hiari, na wanaotaka kuoana wampe msajili taarifa siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi, lakini sharti ataje mambo ambayo kwa mujibu wa sheria yanaizuia ndoa hiyo. Kukosa mtu wa kukupalilia shamba si mojawapo.

Ieleweke kwamba tunamzungumzia mtu mzima. Anayeposwa akiwa mtoto, kila ndugu ana wajibu wa kupinga. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya sheria hiyo vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, likakataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Sisi watumishi na walimu tumezoea kuyatafuta makosa hayo kwa tajiri na kwa mlanguzi. Ni wachache wetu waliokwisha kuyatafuta katika shamba tulilomwachia dada.

Kwa hiyo, ndugu atakayeitwa nyumbani msimu ujao kutoa maoni juu ya posa, na aende, na kama ana shaka aiseme. Lakini aanze kwa kuwaambia wazee yeye mwenyewe atapoteza nini posa hiyo ikikubaliwa, na amlipe dada yake haki ya misimu iliyopita. Akisha kufanya hivyo, ushauri wake utasikilizwa na kila mtu, na wa kwanza atakuwa dada yake.