Palermo: Mchagua makocha aliambulia koroma

KUMTIMUA kocha ni njia rahisi ya mmiliki kuficha makosa yake, na klabu ya Palermo ya Italia ni ushahidi tosha.

Hayati Maurizio Zamparini aliinunua mwaka wa 2002, akairejesha Serie A mwaka wa 2004 baada ya miaka 31, na kuwaleta nyota kama Edinson Cavani na Javier Pastore. Alichokosa ni subira.

Novemba 2015 alimpiga kalamu Giuseppe Iachini, aliyekuwa ameipandisha ngazi timu hiyo mwaka wa 2014. Mrithi wake, Davide Ballardini, alifutwa Januari 2016, muda mfupi tu baada ya kuilaza Verona. Wote wawili waliitwa tena kabla ya msimu kumalizika, ishara kwamba tatizo halikuwa lao pekee. Ballardini ndiye aliyeinusuru Palermo siku ya mwisho.

Funzo hilo lilipuuzwa. Makocha waliendelea kupishana, na mwaka wa 2017 timu ikashushwa ngazi. Wachezaji watashikaje mfumo ambao mwalimu wake hakai hata miezi miwili?

Mwaka wa 2019, chini ya wamiliki wengine, madeni yaliitupa klabu hadi Serie D. Kocha hubadilishwa kwa siku moja. Klabu hujengwa kwa miaka.