Barabara za Mitaa ya Bujumbura: Wakazi Wana Haki ya Kujua

Kila msimu wa mvua unapoanza, wakazi wa Bujumbura hukumbushwa jambo ambalo wakati wa kiangazi ni rahisi kulisahau: kwamba mji huu umejengwa chini ya milima, na kwamba maji yateremkayo kutoka Mirwa hayana pa kwenda ila Ziwa Tanganyika, yakipitia mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha pamoja na mifereji ya mitaa yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari, 2014, maji hayo yaliivamia mitaa ya kaskazini, yakaua watu zaidi ya 50 na kuwaacha maelfu bila ya makao. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kuwa barabara ya mtaa na mfereji wake ni jambo dogo.

Kwa sababu hiyo, maswali ya wakazi juu ya kutandikwa upya kwa barabara zao yanastahili kusikilizwa kwa makini. Barabara ipi itaanza, na kwa nini hiyo? Gharama yake ni kiasi gani, na fedha zatoka wapi? Kazi itakwisha lini? Ikisha kwisha, nani atazibua mifereji na kurudisha mawe yaliyong'oka? Na magari yatakapoanza kupita kwa kasi, mtoto atavukaje? Maswali haya si ya uchochezi. Ni maswali ya mwenye nyumba anayemwuliza fundi.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2001 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kazi za umma na kuwapatia watu ajira, na mwaka 2009 ukafuata mradi mwingine wa kazi za umma na uendeshaji wa miji. Chini ya shirika la ABUTIP, barabara nyingi za mitaa zilitandikwa mawe ya kuchongwa badala ya lami. Uamuzi huo ulikuwa na hekima yake. Mawe huchongwa na kupangwa kwa mikono, hivyo vijana wengi hupata kibarua. Na bomba la maji linapotakiwa kupita, mawe yaweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake, jambo lisilowezekana kwa lami.

Lakini uhai wa barabara ya mawe umo katika kingo zake na mfereji wake. Mfereji ukiziba, maji huingia chini ya mawe na kuuchukua mchanga uliyoyabeba; jiwe moja hutitia, la pili hulifuata, na mwisho sehemu nzima hubomoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mkaguzi wa kwanza wa barabara ni mkazi anayeona jiwe la kwanza likilegea mbele ya mlango wake. Mkaguzi huyo atafanya nini ikiwa hajui mkandarasi ni nani, dhamana ya kazi inakwisha lini, wala ofisi ipi imekabidhiwa matengenezo?

Upo upande wa pili, nao ni wa roho za watu. Barabara yenye mashimo humlazimisha dereva kwenda polepole. Ikitengenezwa, kizuizi hicho huondoka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana mkutano wa mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulisisitiza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Buyenzi, karibu na soko la Ruvumera, ni mahali pa namna hiyo hasa. Tukumbuke pia kwamba sisi tunaendesha upande wa kulia, hali magari mengi yaliyoingizwa nchini yana usukani upande huo huo wa kulia, na dereva wake haoni vema mbele anapotaka kulipita gari jingine.

Serikali haikulifumbia macho jambo hili. Mwezi Machi, 2022, pikipiki, baiskeli na tukutuku zilipigwa marufuku katikati ya mji. Hata hivyo amri peke yake haitoshi. Matuta, njia za waendao kwa miguu na alama za kuvukia lazima ziwemo katika mchoro wa barabara tangu mwanzo. Dar es Salaam, mradi wa kutengeneza njia salama kuzunguka shule za msingi ulipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019, nao ulitumia vitu hivyo hivyo vya gharama ndogo.

Je, kutangaza hesabu kwaleta faida? Uganda yatupa funzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ilipoanza kuchapisha kiasi hicho magazetini na kukibandika shuleni, sehemu iliyofika ilipanda hadi kiasi cha asilimia 80 mwaka 2001. Wachunguzi wengine wamesema kwamba mageuzi mengine pia yalichangia. Lakini hakuna aliyedai kwamba kuficha kungalifaa zaidi.

Kinachotakiwa Bujumbura si kikubwa. Mwanzoni mwa kila barabara kiwekwe kibao chenye jina la mkandarasi, gharama, mwenye kutoa fedha, siku ya kuanza na ya kumaliza, na ofisi ya kupeleka malalamiko. Kabla ya kazi kuanza, mkuu wa mtaa na nyumbakumi wawaite wakazi, mchoro uonyeshwe, na mahali pa matuta pakubaliwe.

Wakazi nao wana wajibu. Anayetupa takataka katika mfereji, au kusogeza kibanda chake hadi kwenye njia ya miguu, hana uso wa kudai barabara njema. Kazi za pamoja za Jumamosi zina maana pale tu mfereji uliozibuliwa unapobaki wazi Jumatatu. Lakini mtu hulinda vema kile alichoonyeshwa kuwa ni chake, na kuonyeshwa huko kunaanzia kwenye hesabu.