Beberu asizae na binti zake

Wengi wetu hapa Nakivale tulianza na mbuzi majike wawili na beberu mmoja. Mpaka leo ni beberu yule yule, anapanda binti zake. Ndiyo maana watoto wanazaliwa wadogo, wengine wanakufa. Mbuzi hajui ukoo, sisi ndio wa kumjulia. Madume wadogo tuwatenge na mama na dada zao wakifika miezi 3. Beberu mkubwa, wa Juru abadilishane na wa Rubondo, au tumuuze tutafute mwingine Mbarara. Tena majike waliokaa wiki kadhaa bila dume, akiingia mgeni, mara nyingi wanapata joto ndani ya siku 10 hivi. Baada ya miezi 5, watoto wenye nguvu.