Istilahi Kimeng'enya na Tatizo la Fasili

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umeelemea zaidi chanzo cha neno: likopwe, litafutwe katika lahaja, au litoholewe. Suala la fasili halijapewa uzito unaostahili. Istilahi kimeng'enya ni mfano bayana. Aghalabu hufasiliwa kuwa protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia katika kiumbe hai.

Fasili hiyo ilitikisika mwaka 1982, Thomas Cech na wenzake walipoonyesha kwamba RNA ya Tetrahymena, kiumbe chenye seli moja, hujikata na kujiunga bila msaada wa protini. Sidney Altman na wenzake walithibitisha uwezo wa namna hiyo katika RNA nyingine mwaka 1983, na mwaka 1989 Cech na Altman wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce walipata maabarani DNA inayokata RNA. Mwaka 2005, huko Groningen, Uholanzi, Gerard Roelfes na Ben Feringa waliambatisha shaba kwenye DNA. Shaba ilichochea molekuli mbili ziungane. DNA ikaelekeza zao liwe zaidi la umbo moja kati ya mawili yanayolingana kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Hapa pana matatizo mawili. Kwanza, asidi nukleiki si protini. Pili, kitenzi meng'enya kina maana ya kuvunjavunja, ilhali katika mfano wa mwisho kazi iliyofanyika ni ya kuunganisha. Yamkini itadaiwa kwamba istilahi ikishazoeleka maana ya mzizi wake husahaulika. Dai hilo lina ukweli, lakini linajibu tatizo la pili tu. Mwanafunzi atakayeandika kwamba RNA huharakisha mmenyuko bado atahesabiwa kuwa amekosea, ingawa kosa ni la kamusi.

Kwa hiyo, inafaa kichocheo kiwe istilahi ya jumla, ifasiliwe kwa kazi, na maada itajwe baadaye: kichocheo cha protini, cha RNA, cha DNA. Kimeng'enya kibaki kuwa jina la kichocheo cha protini. Aidha, uteuzi, yaani uwezo wa kupendelea zao moja na kuacha jingine, utajwe waziwazi katika fasili pale unapohusika, kwa kuwa kitenzi chochea hakiubebi. Maada hugunduliwa upya kila mara. Fasili iliyojengwa juu ya kazi itadumu zaidi.