Kichwa cha printa hakijafa, acheni kutudanganya!

Jamani, kuna uongo mmoja umenichosha na leo lazima niuseme. Unatamkwa kwa maneno manne tu: "Kichwa kimekufa, nunua nyingine."

Dada yangu ana kibanda cha steshenari. Wiki mbili zilizopita printa yake ya wino ilianza kutoa mistari myeupe katikati ya maandishi, kisha rangi nyeusi ikapotea kabisa. Fundi akaitazama dakika tano, hata kuifungua hakuifungua, akatoa hukumu. Dada akaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba chake. Mkopo, ndugu zangu, kwa sababu ya wino uliokauka! (Nisisahau: fundi huyo huyo anauza printa za mtumba.)

Hivi kichwa cha printa kinakufaje? Kina matundu membamba kuliko unywele. Wino una maji ndani yake. Mashine ikikaa wiki kadhaa bila kazi, maji yanapotea hewani na rangi inagandia kwenye matundu. Hicho sio kifo, ni uchafu. Na sisi wenyewe tunachangia. Tunazima printa ukutani badala ya kutumia kitufe chake. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki nje ya kifuniko chake kikikauka. Ukirudi, washa mashine, iache itulie, kisha izime kwa kitufe.

Watengenezaji nao sio malaika. Wametuwekea amri ya kusafisha kichwa. Sawa, itumie mara moja au mbili. Lakini mtu akikuambia uirudie mara kumi, muulize wino unakwenda wapi. Unafyonzwa kupitia kichwa na kumwagwa kwenye sponji iliyofichwa chini ya mashine. Mashine inahesabu, na kwa aina nyingi hesabu ikifika mwisho inagoma kuchapa hata kama wino umejaa. Yaani wino ulionunua kwa hela yako umegeuka takataka, na takataka hiyo ndiyo inayokufungia mashine! Mashine bei poa, wino bei ya dhahabu: biashara yenyewe ndiyo hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Impression Products na Lexmark, iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi tena kutumia hataza yake kuzuia isijazwe na kuuzwa upya. Kwa Kiswahili chetu: ukishauza, umeuza.

Printa ya dada niliibeba nyumbani. Kichwa chake kimefungwa ndani ya mashine. Nilisubiri kisogee katikati, nikachomoa waya wa umeme. Nikakunja kitambaa laini kisichotoa nyuzi, nikakilowesha kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri za magari (maji, sio asidi!), nikakilaza chini ya kichwa hadi asubuhi. Usitumie maji ya kisima, yatakuachia chumvi kwenye matundu. Karatasi ya majaribio ikatoka na mapengo machache. Usiku wa pili nikarudia, ikatoka safi. Gharama yote haikuzidi sahani ya chipsi mayai.

Kama kichwa chako kiko kwenye katriji yenyewe, ni rahisi zaidi. Isimamishe dakika chache, matundu yakiwa chini, juu ya karatasi laini iliyoloweshwa maji hayo hayo ya vuguvugu. Ifute, na vile vibati vya shaba vikauke kabisa kabla hujairudisha. Usichokonoe kwa sindano!

Sisemi vichwa havifi. Shoti ya umeme ipo, na vile vinavyorusha wino kwa joto huungua vikilazimishwa kuchapa vikiwa vikavu. Wala sisemi mafundi wote ni matapeli. Lakini daktari gani anatangaza kifo bila kupima mapigo ya moyo?

Dada anachapa kama kawaida na mkopo hakuchukua. Kwa hiyo wewe nawe, kabla hujatoa hela, muulize fundi wako swali moja tu: "Umepima nini?" Akikosa jibu, beba mashine yako urudi nyumbani.

Naomba kuwasilisha.